Mtaa Usiotaka Yowe

Jamani, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha jikoni?
— Tumekuja nayo!
Basi ngano ije?
— Ije, ije taratibu, utamu usiishe!

Hapo zamani za kale, alikuwepo Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga watatu. Walikuwa tisa. Moto ulipopita kichakani kwao ulikula sita, ukala na nyumba. Wakabaki hawa watatu, hata kuruka bado.

Bi Kanga akalia, akafuta machozi, akaapa: "Hawa watatu sipotezi hata mmoja. Nawatafutia mtaa wa maana."

Akamwendea dalali. Dalali wa nyumba alikuwa Kinyonga. Mnacheka nini? Nyinyi wenyewe mnawajua madalali.

"Mitaa iko miwili, mama," akasema Kinyonga, jicho moja kwa Bi Kanga, jicho la pili kwa panzi. "Upo mtaa wa Kwa Chura, ng'ambo ya kijito. Na upo mtaa wa Shwari, ng'ambo hii. Twende ukaone mwenyewe."

Wakaanza Kwa Chura. Walipofika tu, Kinyonga akageuka rangi ya tope. Lo, kelele za mtaa ule! Mama Chura anaimba, Bata anagombana na mumewe, Nguruwe anacheka peke yake. Majani yamekuwa marefu, hakuna ua, hakuna geti.

Mara Bata akapiga yowe: "Uwiii! Uwiii!"

Mtaa mzima ukatoka mbio. Nguruwe na mchi, Mama Chura na mwiko, mwingine na sufuria, uji bado unachuruzika.

"Nini? Nini?"

"Kuti limeanguka!"

"Kuti tu?"

"Kuti tu!"

"Basi," wakasema, wakacheka, wakarudi makwao. Hapo ndipo Bi Kanga alipokunja uso.

"Hawa hawana kazi?" akanong'ona. "Mtaa mzima unatoka kwa ajili ya kuti! Nitakaa hapa mimi na wanangu?"

Wakavuka kijito, wakaenda Shwari. Kinyonga akageuka kijani kibichi, kijani cha heshima. Ua wa michongoma umekatwa sawasawa. Geti lipo. Majani yamenyolewa chini kabisa, hata siafu hana pa kujificha. Na kimya! Bi Kanga aliisikia mioyo ya wanawe ikidunda.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Tausi, akaja akiburuta mkia. "Karibu Shwari, bibi. Huku tunaishi wastaarabu."

Bi Kanga akatazama juu. Kwenye mti mrefu mkavu alikaa Mwewe. Akawavuta wanawe chini ya bawa.

"Na yule?"

"Yule ni katibu wa ulinzi," akasema Kinyonga. "Anaona kila kitu kutoka juu, hakuna kinachompita."

"Lakini ni mwewe!"

"Mama, mwewe wa huku amesoma."

Jamani, amesoma! Na Bi Kanga akaamini. Aliona ua, akaona geti, akaona mkia wa Tausi, akasema, "Nahamia leo leo." Kinyonga akameza panzi wake wa udalali, akaenda zake.

Siku ya kwanza ikaja barua, imeandikwa kwenye jani la mgomba: "Watoto wako wanachakura majani. Wakome." Chini yake pana alama ya kucha tatu. Bi Kanga akawaambia wanawe, "Msichakure."

Siku ya pili ikaja barua: "Watoto wako wanajificha chini ya ua. Ua ni wa kutazamwa. Wacheze katikati ya uwanja." Chini, kucha tatu. Bi Kanga akawaambia wanawe, "Chezeni katikati."

Siku ya tatu ikaja barua: "Mayowe ni marufuku. Mwenye shida aandike kwa kamati. Kamati hukaa kila Alhamisi." Chini, kucha tatu. Bi Kanga, ambaye ukoo wake tangu enzi na enzi ukiona hatari hupiga kelele zikasikika vilima vitatu, akawaambia wanawe, "Tuongee polepole. Tusionekane washamba."

Kesho yake Mwewe akazunguka juu ya uwanja, mara moja. Bi Kanga akaenda kwa Bwana Tausi.

"Mwenyekiti, Mwewe anawazunguka wanangu."

"Yuko kazini," akasema Tausi.

Kesho kutwa yake Mwewe akashuka, fyuu! Akamnyakua mmoja. Bi Kanga akafungua mdomo, yowe likafika kooni, akalimeza. Akatembea kwa heshima mpaka kwa jirani yake Kobe, akamnong'oneza, "Tafadhali, nisaidie." Kobe akaingiza kichwa ndani. Akaenda kwa Sungura, Sungura akavuta pazia. Akaandika barua kwa kamati. Ilikuwa Ijumaa.

Jibu halikungoja Alhamisi, likaja upesi. "Kamati imepata taarifa ya msiba wako. Tunakupongeza kwa kuhuzunika kwa utulivu."

Wanangu, mmewahi kumwona mama anayeficha kilio chini ya bawa, asije akawaudhi majirani? Bi Kanga alilia hivyo siku nzima.

Siku iliyofuata, wale wawili wako katikati ya uwanja, kama barua ilivyotaka. Kivuli kikapita. Fyuu! Mwewe akampata mdogo wao mgongoni, akaanza kupaa naye.

Bi Kanga akatazama mapazia. Yote yamefungwa. Akatazama geti. Limefungwa. Ndipo akasahau barua, akasahau ushamba, akapanua mdomo:

"Uwiii! Uwiii! Mwanangu! Njooni jamaniii!"

Shwari ikaziba masikio. Lakini yowe lilivuka ua, likavuka kijito, likafika Kwa Chura. Kule hakuna aliyeuliza ni yowe la nani wala la mtaa gani. Nguruwe akachukua mchi, Mama Chura mwiko, Bata na mumewe wakakatisha ugomvi wakachukua masufuria. Wakafika getini, geti limefungwa. Nguruwe hajui geti, akapita katikati ya michongoma!

"Nini? Nini?"

"Mwewe!"

Ikawa ga-ga-ga-ga! Sufuria, mchi, mwiko, makelele, mawe. Mwewe wa watu, aliyezoea kula kwa utulivu, akachanganyikiwa, akagonga tawi, akaachia. Kitoto kikaangukia mgongo wa Nguruwe, kidonda kikivuja damu, lakini kizima. Bi Kanga akakikumbatia, akalia kwa sauti yake yote, na watu wa Kwa Chura wakalia naye, wala hawajui jina lake.

Hapo mapazia yakafunguka. Bwana Tausi akaja na barua ya mwisho: "Umepiga yowe. Umeleta wageni. Umeharibu ua. Unaitwa mbele ya kamati."

Bi Kanga akaisoma mpaka chini. Kucha tatu. Akatazama mgongo wa mwanawe. Kucha tatu.

"Bwana Tausi," akasema, "nani anaandika sheria za huku?"

"Katibu wa ulinzi," akajibu Tausi. "Sisi tunapitisha tu. Ana mwandiko mzuri."

Bi Kanga akampa mgongo. Akawachukua wanawe wawili, akapitia pale pale alipotoboa Nguruwe, akahamia Kwa Chura.

Mchana ule ule, hata jiko hajaliwasha, akasikia, "Uwiii! Uwiii!" Bi Kanga akatoka mbio na upawa mkononi, akawatangulia wote.

"Nini? Nini?"

"Kuti limeanguka!"

"Kuti tu?"

"Kuti tu!"

"Basi," akasema Bi Kanga. Akacheka, na machozi yakamtoka kwa yule mmoja ambaye hakumpigia yowe.

Ngano hii inatufundisha hivi: ukienda kutafuta pa kuishi, usiulize ua una urefu gani. Uliza ukipiga yowe nani atatoka. Na ukiambiwa usipige yowe, uliza kwanza nani anafaidi kimya chako.

Nami ngano yangu naifungia hapa. Aliyecheka, kicheko ni chake. Aliyenuna, ninamjua: yumo kwenye kamati!