Magoti ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa mbugani walikuwa na dini moja na chemchemi moja. Kila asubuhi jua likichomoza, walikusanyika mbele ya kilima, wakapiga goti, wakamshukuru Mola. Kisha wakaenda kunywa. Nani amepiga goti vizuri, nani amesinzia, hakuna aliyeuliza. Maji yalikuwa mengi. Maji yakiwa mengi, hakuna anayeuliza dini ya mtu.

Ukaja mwaka wa ukame. Jua likawaka, waa, waa, waa. Mto ukakauka. Madimbwi yakakauka. Ikabaki chemchemi ile moja katikati ya mawe, inatoa maji kidogo kidogo, tii, tii, tii.

Wanyama wakaitana. Nyani akapanda juu ya jiwe, maana Nyani hawezi kusema akiwa chini.

"Wenzangu," akasema, "maji haya ni ya Mola. Basi anywe anayemwamini. Asiyeamini akatafute kwingine."

"Kweli kabisa," wakajibu wote. Kila mmoja alikuwa anamfikiria jirani yake.

Kobe akanyoosha shingo. "Na anayeamini tutamjuaje? Imani iko moyoni."

"Mzee Kobe, moyo wa mwenzako umewahi kuuona?" akauliza Nyani.

"Sijauona."

"Basi kaa. Sisi tutaangalia kinachoonekana."

Kilichoonekana ni magoti. Wakasema, anayesali sana goti lake huota sugu. Asiyesali, goti lake laini. Wakaanza kukaguana. Wakainuana miguu, wakapapasana. Nyumbu alikuwa na sugu kidogo, akapita. Pundamilia akapita. Wakafika kwa Ngiri. Sugu ya Ngiri ilikuwa nene kama ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni.

"Tazameni," akasema Nyani. "Huyu ndiye mcha Mungu. Huyu akae mlangoni, pale mawe yanapoacha njia ya kwenda majini."

Ngiri akaenda akakaa.

Sasa, nyinyi mliowahi kumwona ngiri mnajua. Shingo yake fupi. Hafiki majani mpaka apige goti. Anakula amepiga goti toka asubuhi hadi jioni, krau, krau, krau. Na sugu yenyewe huzaliwa nayo. Mtoto wa ngiri anatoka tumboni magoti yameshakuwa magumu, na jina la Mola bado hajalisikia. Ngiri aliyajua hayo yote. Lakini mtu akisifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na sifa yenyewe ina maji ndani yake, mdomo huwa mzito.

Nungunungu akauliza, "Na wewe, Nyani, sugu yako iko wapi?"

Nyani akageuka, akaonyesha makalio.

"Ala. Kumbe wewe ulikuwa unasali umekaa."

"Sugu ni sugu," akasema Nyani. "Mola haangalii mahali."

Hakuna aliyebisha. Nyani ana meno marefu.

Sasa alikuwepo Mama Digidigi. Mnyama mdogo, miguu kama vijiti vya kuwashia moto. Alikuwa na mtoto mmoja, bado ananyonya. Maziwa yalikuwa yamepungua, na maziwa hayatoki hewani. Asipokunywa mama, mtoto hanyonyi. Basi akamficha mtoto kichakani, akaenda kupanga foleni pamoja na wengine. Zamu yake ikafika.

"Lete goti," akasema Ngiri.

Akaleta.

"Mama Digidigi, goti lako laini."

"Najua, baba."

"Kwani hupigi goti?"

"Nasali nimesimama."

Wanyama wakacheka, kwa, kwa, kwa.

"Amesimama," akasema Nyani. "Anangoja Mola apite amsalimie njiani."

"Nina mtoto," akasema Digidigi. "Tukija kwenye ibada anakaa chini ya tumbo langu. Mtu wa umbo langu akipiga goti mahali peupe, mpaka ainuke fisi ameshafika. Kwa hiyo nasimama, naweka masikio juu, nasali kwa moyo."

"Kwa moyo," akasema Nyani. "Kila asiyesali anasali kwa moyo."

"Basi niulizeni nimemwomba nini Mola asubuhi ya leo."

"Hatuulizi, mama. Tunakagua."

Ngiri hakumtazama machoni. Akasema, "Sheria ni sheria. Wewe si mwenzetu."

"Jana nilikuwa nani?" akauliza Digidigi.

Foleni ikasogea.

Digidigi akarudi kichakani. Mtoto akanyonya. Akavuta, akavuta, hakuna kitu. Akalia, nyee, nyee. Sauti ilikuwa imeshaanza kuwa ndogo, na mama akaisikia ilivyo ndogo.

Kiu hula akili kabla haijala mwili. Digidigi akaenda kwenye mwamba mkubwa wenye kukwaruza, akapiga magoti juu yake, akaanza kuyasugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Hapo hakuwa anasali. Alikuwa anatengeneza goti. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kupiga goti, na aliyekuwa akilini mwake si Mola, ni Ngiri.

Ngozi ikachubuka. Damu ikatoka. Akapita kumtazama mtoto, akamkuta bado yu hai, akamlamba uso, akaenda tena chemchemini huku anachechemea. Tone hapa. Tone pale. Tone hapa. Tone pale.

"Lete goti," akasema Ngiri.

Akaleta. Nyani akainama, akanusa.

"Hii si sugu. Hiki ni kidonda. Mama huyu ameghushi ibada."

"Mlitaka goti," akasema Digidigi. "Nimepiga goti."

"Goti la leo leo," akasema Nyani.

"Nenda, mama," akasema Ngiri. "Kipone kwanza. Goti likishakuwa gumu, njoo."

"Likishakuwa gumu mtoto atakuwa amekufa."

"Yote ni mipango ya Mola," akasema Ngiri.

Akasema hivyo, na kidevu chake kilikuwa bado kinadondosha maji.

Digidigi akarudi kichakani. Akakuta majani yamekanyagwa. Akaita. Akaita tena. Akatazama chini, akaona nyayo za fisi. Zilikuwa zimeyafuata matone ya damu, tone kwa tone, mpaka pale alipomficha mtoto. Damu ya magoti ndiyo iliyomwonyesha Fisi njia.

Sitawaeleza zaidi. Aliyezaa ameelewa. Asiyezaa, mwacheni alale vizuri.

Zile nyayo zilikuwa zinaendelea mbele. Digidigi akazifuata. Zikampeleka hadi chemchemini. Akamkuta Fisi amesimama mlangoni mbele ya Ngiri, mdomo mwekundu, ametulia kama bwana harusi.

"Lete goti," akasema Ngiri.

Fisi akaleta. Goti lilikuwa gumu, nene, pana. Fisi ana kazi yake. Anaingia mashimoni mwa watu kwa magoti, anatambaa, anawatoa watoto waliolala. Kazi ya miaka yote hiyo itakosaje kuacha sugu?

"Mola asifiwe," akasema Nyani. "Kumbe huyu tulikuwa tunamsingizia."

Digidigi akasema kutoka nyuma, bila kupaza sauti, "Muulizeni sugu hiyo ameipatia wapi. Muulizeni damu ya mdomoni ni ya nani."

"Mama," akasema Nyani, "mdomo hatukagui."

Lakini Ngiri alikuwa ameinama juu ya goti la Fisi, na hainuki. Ndani ya mikunjo ya ile sugu kulikuwa na udongo mwekundu umeganda. Udongo huo mbuga nzima ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye kichuguu alimochimba shimo lake yeye Ngiri. Mwaka uliopita watoto wake walitoweka humo. Aliwalilia, kisha akasema ni mapenzi ya Mola. Sasa akayajua mapenzi hayo yalikuwa ya nani.

Akafungua mdomo.

Halafu akafikiri. Nikimuuliza Fisi sugu ameipatia wapi, mwingine ataniuliza mimi yangu nimeipatia wapi.

Akaufunga mdomo. Akasogea pembeni.

"Karibu, ndugu," akasema. "Unywe."

Fisi akanywa, lapu, lapu, lapu. Maji yakawa mekundu kidogo, kisha yakawa meupe. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanywa pia.

Digidigi akageuka akaenda zake. Kobe akamfuata kwa mwendo wake ule.

"Pole, mama. Mimi nilisema tangu mwanzo. Nilisema imani iko moyoni."

"Ulisema, mzee Kobe," akajibu Digidigi. "Kisha ukapanga foleni."

Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba.

Tangu siku ile Digidigi hakurudi chemchemini, hata mvua iliponyesha na mlango ukawa hauna mlinzi. Mpaka leo hamtamkuta digidigi anasukumana na wenzake kwenye maji. Analamba umande kwenye majani, anatafuna jani bichi, anaridhika. Ile alama nyeusi chini ya jicho lake, wanaosema ni urembo waacheni waseme.

Mtaniuliza, alisali tena? Alisali. Asubuhi ya pili yake alisimama peke yake, masikio juu, na chini ya tumbo lake hapakuwa na kitu. Alimwambia nini Mola, mimi sijui, na wewe hujui. Hapo ndipo wale walipokosea. Walidhani kwa kuwa hawaujui moyo, basi goti litawatosha.

Na Ngiri je? Asubuhi hiyo hiyo wote walikwenda mbele ya kilima. Fisi alipiga goti mstari wa mbele, pembeni ya watoto wadogo wa Ngiri, wale waliozaliwa mwaka huo. Wote wakafumba macho. Ngiri akafumba jicho moja. Jingine likabaki wazi, linamtazama Fisi, na masikio yake yakawa juu. Alisali vile vile alivyokuwa anasali yule mama aliyemfukuza. Na hakuweza kumwambia mtu.

Jioni akaingia shimoni kinyumenyume, matako mbele, uso nje. Mpaka leo ngiri huingia shimoni hivyo. Anamlinda mtoto wake dhidi ya ndugu yake wa ibada, aliyemkaribisha mwenyewe.

Magoti yakaendelea kukaguliwa.

Haya, mafunzo. Moyo wa mtu ni wa Mola na mwenyewe. Wewe usiyeuona usiuwekee mlango, ukasema huyu wetu na huyu si wetu, maana alama unayoitafuta hata fisi anayo. Na ukimwona mama amesimama wakati wenzake wamepiga goti, kabla hujamwita asiye na dini, tazama kwanza amesimama juu ya nani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kama mmeiona chungu, sina sukari ya kuongeza ndani yake. Mwenye mtoto mgongoni akamlaze.