Kiti cha Mkuu wa Mionzi

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani hizi za juzi zenye umeme na viyoyozi, kulikuwa na hospitali yenye mashine moja ya kuchoma saratani kwa mionzi. Ilitunzwa na wanafizikia watatu. Watu wa digrii hao. Mimi shule niliikimbia mapema, lakini tulia, utanielewa mimi kuliko ungewaelewa wao.

Kila asubuhi, kabla mgonjwa hajalala mezani, mionzi hupimwa. Kipimo chake hudanganywa na joto la chumba, kwa hiyo unasoma kwanza kipimajoto, unaingiza joto la siku hiyo, ndipo unapata jibu la kweli.

Mkuu wao, Mama Nyangoma, alikuwa anastaafu. Akawaita. "Kiti changu namwachia atakayeinua ubora wa kazi hapa. Maneno sitaki, yenu nayajua."

Wa kwanza, Heriel, akashika foleni. Kila mgonjwa akapewa saa yake. Waliokuwa wakisinzia kwenye benchi hadi magharibi, sasa wakawa wanamaliza adhuhuri. Wakamwombea dua, naye akatembea kama jogoo aliyenunua banda.

Wa pili, Kilindo, mpimaji wa asubuhi, akaona asije akamkwamisha jogoo wa watu. Kipimajoto kiko kona ya mbali. "Chumba ni kilekile," akawaza, akawa kila siku anaingiza joto lilelile la jana. Kumbe kiyoyozi kinakufa polepole. Chumba kikapanda joto, kipimo kikadai mionzi imepungua. Heriel akaiongeza kidogo. Kesho yake tena kidogo. Mashine nzima kabisa, wao wanaizidishia.

Wa tatu, Mwanaidi, akasimama mlangoni. "Kaka Heriel, mashine gani hii, inashuka kila siku, haipandi hata kwa bahati mbaya? Leo hachomwi mtu."

"Dada, benchi limejaa."

"Litajaa."

Akazima. Mzee Mkangala, mwenye uvimbe kooni, ambaye hakutakiwa kuruka hata siku moja, akarudishwa nyumbani. "Mwanangu," alimwambia Mwanaidi, "na ugonjwa wangu nao umeuzima?"

Wakaifungua mashine, wakatafuta, wapi. Siku zinapita, wagonjwa wako nyumbani. Hapo Kilindo akasimama mbele ya wote. "Iacheni hiyo mashine. Ni mimi. Joto sikulisoma."

Angenyamaza, nani angejua? Kazi ikarudi siku hiyohiyo. Waliozidishiwa wakaitwa, ngozi zilizobabuka zikatibiwa. Na tangu hapo kila aliyekosea akawa anasema mwenyewe, hata mfagizi alikiri kwamba maandazi ya ofisini anayamaliza yeye.

Mama Nyangoma akawaweka mbele yake. "Haya, daini."

"Bila mimi," akasema Heriel, "wangekuwa benchini mpaka leo."

"Bila mimi wangeungua," akasema Mwanaidi.

"Bila mimi mngekuwa mnafungua skrubu mpaka leo," akasema Kilindo.

Heriel akacheka. "Wewe si ndiye uliyewaunguza?"

"Na mkono uliokuwa unaongeza ulikuwa wa nani?"

"Mkono wangu haujamrudisha Mzee Mkangala nyumbani," akasema Heriel, jicho kwa Mwanaidi.

"Ungemchoma zaidi, angekushukuru?"

Mama Nyangoma anazungusha funguo za ofisi mkononi. Nawe uliyekuwa unatikisa kichwa hapo kama hakimu, acha kuniangalia mimi. Je, kiti kile alistahili nani?