Paka Shume na Arobaini ya Watoto wa Ngisi

Hadithi iko mlangoni.

Ifungulieni.

Imekuja na njaa.

Ile masikio yetu.

Haya, sogeeni, na mwenye kutafuna amalize, maana hii haitaki kelele. Wala si ya kutunga. Nimeisikia kwa mtu aliyeisikia kwa Chiriku mwenyewe, na Chiriku hasemi uongo, anaongeza tu.

Hapo zamani, na si zamani sana kwa sababu umeme ulikuwapo, alikuwapo Paka Shume. Dume, shingo nene kama kinu, anakula peke yake na mlango kaufunga. Alikaa katika nyumba ya mgeni mmoja aliyehama. Mgeni yule aliacha tangi la kioo la kufugia samaki, na kimashine chake cha kupulizia hewa, blu-blu-blu, mchana na usiku. Samaki hakuwaacha. Au aliwaacha, mimi sijui, muulizeni Shume.

Siku moja maji yametoka, Shume anapita ufukoni, akaona kishada cha mayai kimeng'ang'ania jani la mwani. Meusi, ya mviringo, kama zambarau mbivu. Mayai ya ngisi. Mama yao alishataga akafa, ndiyo kawaida ya ngisi. Shume akayanusa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akajiambia, "Yai moja, tonge moja. Ngisi mmoja, sufuria moja. Shume, usiwe mjinga." Akayabeba mpaka nyumbani, akajaza tangi maji ya bahari, akayatia, chubwi.

Sasa sikilizeni msilolijua. Yai la ngisi likikaribia kuanguliwa, weusi wake hupungua, ganda linakuwa jepesi kama karatasi ya peremende, na mtoto aliye ndani anaona nje. Anaona, na anajifunza. Na Shume kila jioni alikaa mbele ya kioo, akiramba masharubu, akiimba:

Nenepeni, nenepeni,
nazi iko jikoni,
ndimu iko dirishani,
na mimi niko mezani.

Watoto walikuwa hawajazaliwa, lakini wamekwisha kuelewa kila kitu.

Wakaanguliwa. Pu, pu, pu. Wadogo kama kunde, wenye macho makubwa, wakajifukia katika mchanga wa chini ya tangi yakabaki macho tu. Aliyekuwa mdogo kuliko wote aliitwa Kitone.

Siku ya kwanza Shume akawaletea kichwa cha dagaa. Chubwi. Kikazama, kikatulia. Watoto wakakitazama, hawakula.

Siku ya pili akawaletea utumbo wa changu. Chubwi. Ukazama, ukatulia. Watoto wakautazama, hawakula.

Siku ya tatu wamekonda, ukiwatazama tumboni unaona ukuta wa nyuma. Shume akashika kichwa. "Nyie watoto, mnataka nini?"

Kitone akatoka mchangani. "Mama, sisi hatuli kilichotulia. Tunakula kinachorukaruka. Tuletee uduvi walio hai."

"Mama nani? Mimi dume."

"Aliyetupa nyumba ndiye mama."

"Uduvi wako baharini, na mimi na maji hatuamkiani."

"Basi tutakufa, mama. Utabaki na kioo."

Shume akameza mate. "Na nikiwaletea, mtanenepa lini?"

"Siku arobaini. Kabla ya arobaini ngisi ni maji matupu, ukimshika anapita kati ya vidole. Ikifika arobaini, minofu inakaza."

Neno minofu lilimwingia Shume tumboni moja kwa moja, hata kichwani halikupita.

Basi kila asubuhi Shume alichukua kipande cha chandarua akashuka baharini. Chubwi. Nyau. Anapata uduvi kiganja kimoja. Chubwi. Nyau. Anapata kiganja cha pili. Kila siku ya pili anabeba ndoo kubadilisha maji, maana tangi likichafuka ngisi anakufa. Akirudi anawamwagia uduvi. Uduvi wanarukaruka, na vingisi wanarusha mikono yao miwili mirefu, fyaa, wamekwisha kukamata. Leo wana madoa, kesho wana mistari kama kikoi. Wakanenepa wao, akakonda yeye.

Siku moja Bi Chiriku yuko kwenye mkoko, anapunga upepo. Mnamjua Chiriku, ndege asiyelala na neno tumboni. Akamwona Shume kalowa mpaka kwapani.

"Shume, wewe na maji?"

"Natafuta uduvi."

"Tangu lini paka mzima akala uduvi? Una nini ndani, jirani?"

Shume akafikiri. Akisema ana ngisi wa kupika, kufika adhuhuri majirani wote watakuwa mlangoni na mabakuli. Huyu si wa kugawa hata mwiba. Akasema, "Nalea."

"Unalea nini?"

"Yatima. Watoto wa ngisi, hawana mama, hawana baba."

Chiriku nusura aanguke. Prrr, kwa Bi Kuku. Prrr, kwa Bi Bata. Prrr, kwa Mbuzi. "Mmesikia? Shume analea yatima. Shume yule yule. Mimi sikusema, lakini nimesema."

Kesho yake Shume alipokwenda baharini, Chiriku akatua dirishani. "Hodi wenyewe."

"Karibu, bibi. Shikamoo," akajibu Kitone.

"Marahaba, mjukuu wangu. Eti Shume anawalea vizuri?"

"Mama Shume? Hapana mfano wake, bibi. Kila jioni anakuja kutuimbia. Kila siku anatutazama kama tumenenepa. Na arobaini yetu anaingoja mpaka usingizi hapati."

Wanangu, hapo kuna neno la uongo? Hakuna hata moja.

"Ila ana haya," Kitone akaendelea. "Hana jamaa wa kumsaidia kututoa nje."

"Mtoto atimize arobaini asitolewe nje? Na sisi tupo?" Chiriku manyoya yakamsimama. "Nje yenu ni wapi, mjukuu wangu?"

"Nje yetu, bibi, ni baharini."

Chiriku hata kuaga hakuaga.

Siku ya arobaini Shume aliamka na jua. Nazi kaikuna. Ndimu kaikata. Sufuria iko motoni, inatoa moshi. Akakunja mkono, akauingiza kwenye tangi, kidole kwa kidole. Watoto wakarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kioo. Hakuna tena pa kwenda.

Ngo, ngo, ngo. Vigelegele.

Mlango ukafunguka. Bi Chiriku mbele, Bi Kuku, Bi Bata, Mbuzi nyuma na beseni kichwani.

"Hongera, mama watoto," akasema Bi Kuku. "Tumekuja kukutolea wana."

"Mwone, anawashika kwa mkono wake mwenyewe," akasema Bi Bata.

"Na nazi ya wageni kaikuna," akasema Mbuzi, tayari anaitafuna. "Kumbe mkarimu, watu wanamsingizia."

Shume akautoa mkono majini. "Watoto wana homa," akasema.

"Homa gani, rangi zote hizo?"

"Huko baharini wataliwa na mijisamaki."

"Msikieni," akasema Chiriku, machozi yanamlenga. "Uchungu wa mwana."

Shume akaona akisema kweli atagawa, na akikataa ataaibika. Ndipo Kitone akamwita kwa sauti ndogo, "Mama, lete sikio." Shume akaweka sikio juu ya maji.

"Mama, mbona unakuwa mzito? Huko baharini tuna mashangazi, wanene, kila mmoja kama mto wa kulalia. Wakituona watataka kuja kumshukuru mlezi. Wewe simama na beseni, nitawaleta mmoja mmoja."

"Kama mto wa kulalia?"

"Na wengine kama godoro."

Masharubu ya Shume yakasimama. Akanyanyua beseni yeye mwenyewe, akateka watoto wote na maji yao, asisaze hata mmoja. "Majirani, twendeni. Mbona mnanichelewesha?"

Wakaenda kwa nyimbo na vigelegele, Shume mbele anakimbia. Kufika maji, akainamisha beseni. Pwaa. Fyuu, fyuu, fyuu, mmoja kawa rangi ya mchanga, mmoja rangi ya mwani, mmoja rangi ya maji yenyewe. Hukuona tena hata jicho. Majirani wakapiga makofi wakarudi kumalizia nazi.

Shume akasimama na beseni. Maji ya magotini. "Kitone, mashangazi vipi?" Maji ya kiunoni. "Kitone, mwanangu." Maji ya shingoni. "Hata mmoja, mwanangu, hata mwembamba."

Kitone akaibuka mbele ya pua yake. "Mama, mashangazi wameuliza ndimu umeiacha wapi." Akamrushia wino, pyuu, uso mzima, akazama.

Shume akarudi nyumbani, wino unamchuruzika kutoka machoni mpaka kidevuni. Chiriku alikuwa juu ya paa. Prrr, kwa Bi Kuku. Prrr, kwa Bi Bata. Prrr, kwa Mbuzi. "Masikini, jamani. Mama Kitone kalia mpaka wanja wote umemmwagika."

Tangu hapo hakuna anayemwita Shume. Ni Mama Kitone, dume zima na masharubu yake, na kila mwenye kuzaa humpelekea uji wa pilipili manga ajiliwaze.

Basi mafunzo ni haya, wanangu, myashike. Umbea ni kitu kibaya sana. Tazameni Bi Chiriku, kwa mdomo wake tu, watoto wa watu wamekosa mlezi aliyewapenda, nyumba ya kioo na hewa ya umeme. Mambo ya jirani mwachieni jirani, kama ninavyofanya mimi.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, nendeni nayo kwenu. Ikiwa chungu niachieni, nitampelekea mama wa nyumba ya pili, nimwambie nimeisikia kwenu.