Ndoto ya Chui Ikiwa Bado ya Moto

— Wenye masikio mpo?
— Tupo!
— Mmeshiba?
— Tumeshiba!
— Mnasinzia?
— Hatusinzii!
— Waongo wakubwa. Yule pale nyuma namwona kichwa kinamwangukia kifuani. Mpigeni kiwiko, maana leo nasema habari za usingizi, na atakayelala atapitwa na habari zake mwenyewe.

Basi, palikuwa na Sange. Sange ni mnyama mdogo, kimo chake kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia: huku inanusa, kule inanusa. Kazi yake kutwa ni kufagia vijia vyake. Jani likianguka, anafagia. Kijiti kikianguka, anafagia. Na alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliicheka: alilala macho wazi. Wengine walipofumba, yeye aliwatazama, na kwa kuwatazama miaka nenda miaka rudi akajua mambo ya usingizi ambayo hata waganga hawayajui.

Mtawala wa nchi ile alikuwa Chui. Na wanyama wale walikuwa na desturi yao: waliamini kwamba anachoota mkuu kimetumwa na mizimu, kwa hiyo sharti kitendeke. Chui akaijua desturi hiyo, akaifanya shamba lake. Kila mchana alikula, akalala, akakoroma koroo, koroo, kisha akaamka na kuwaita raia. Akasema ameota amekula asali ya Nyegere; Nyegere akaleta asali. Akasema ameota amekula ndama wa Nyati. Nyati akamleta ndama wake huku analia. Miaka mitatu Chui hakuwinda hata panzi. Akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Siku moja akaamka, akajilamba midomo, akasema, "Nimeota nimekula watoto wa Sange. Wote wawili."

Sange alikuwa na watoto hao hao wawili, hana mwingine. Aliwaza kukimbia, lakini na vitoto vile angefika wapi? Akajikaza, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Mkuu wangu, mizimu ikishasema nani atabisha? Ila nisaidie jambo moja nisije nikakosea. Uliwala wa kuchoma au wa mchuzi?"

Chui hakuwa ameota chochote, na uongo wake haukuwa umefika jikoni. Akajibu kwamba amesahau.

Sange akasikitika kwa sauti ili wote wasikie. Akaeleza kwamba ndoto ni kama uji, haifai ikipoa. Afadhali mkuu alale tena kesho mbele ya raia wote. Yeye Sange atamwamsha ndoto ikiwa bado ya moto, aseme watoto wamepikwaje na pembeni kumewekwa nini. Huenda mizimu imemwandalia mkuu na kitoweo kingine. Aliposikia habari za kitoweo kingine, Chui mate yakamdondoka, akakubali.

Kesho yake, jua la utosini, wakakusanyika wote kivulini kando ya mto. Mto ulikuwa umefura. Sange alikuja na kibuyu cha maji, na wanawe akawaketisha nyuma ya kwato za Nyati.

Chui akajilaza. Hata hajatulia vizuri, koroo, koroo. Nyati akauliza kama wamwamshe.

"Bado," Sange akasema. "Sikio limesimama. Anajifanya."

Wakangoja. Shibe ikamzidi, sikio likalala. Kooo-roo. Kooo-roo. Sauti nzito, ya polepole. Nyati akauliza tena.

"Bado. Macho yametulia chini ya kope. Ukimwamsha sasa hatajua hata jina lake."

Wakangoja. Kisha koroo ikakatika. Pumzi ikaanza kurukaruka, mara fupi, mara ndefu. Chini ya kope macho yakaanza kukimbia, huku na kule, huku na kule, na sharubu zikacheza kwi, kwi. Sange akawaambia wenzake kwa mnong'ono kwamba sasa mkuu anaota: kichwa kiko safarini, na mwili umefungwa usiweze kukifuata. Akamwomba Nyegere auinue mkono wa Chui, ule wenye kucha. Nyegere akauinua, akauachia. Pwaa. Ukaanguka kama nguo iliyoloa. Wanyama wakatazamana. Walikuwa wakiuogopa mkono huo tangu wazaliwe.

Sange naye alikuwa na hofu yake. Mara nyingi aliwaona wanawe wakidondokewa na umande katikati ya ndoto, wakaamka wakisema walikuwa wanaogelea. Alijua maji huweza kuingia ndotoni. Kama yataingia katika ndoto ya Chui, hilo hakulijua. Akakiinamisha kibuyu juu ya pua ya mkuu. Chururu. Akamwashiria Nyati akanyage ardhi. Dundu, dundu. Chururu. Dundu, dundu. Macho ya Chui yakazidi kukimbia. Hapo Sange akamwingiza pua sikioni, akauliza kwa nguvu, "Mkuu, unaota nini?"

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu akizinduliwa katikati ya ndoto, mdomo huamka kwanza. Akili ya kudanganya huamka mwisho.

Chui akakurupuka. "Mto! Ngurumo, mvua, mto umenichukua! Nimevuka ng'ambo, huku sirudi tena, naapa sirudi!"

Raia wote wakamgeukia Sange.

"Mmeisikia ndoto ya mkuu," Sange akasema.

Chui akawatazama mmoja mmoja. Akili yake ya kudanganya ndiyo kwanza inajinyoosha. Akasema polepole kwamba hiyo ilikuwa ndoto tu.

"Ndoto tu?" Nyati akauliza. Hakupaza sauti. "Basi mwanangu alikufa kwa nini?"

Nyegere akakumbuka asali yake. Kila mmoja akakumbuka chake. Wakasogea hatua moja, wote kwa pamoja. Chui akapiga hesabu ya haraka: kama ndoto ni amri, avuke mto, kama ndoto ni ndoto, pembe za Nyati zile pale. Akachagua maji. Chubwi! Mto ukamzungusha, tumbo la miaka mitatu likamlemea, akameza maji, akatema, akatokea ng'ambo. Akajikung'uta, akaenda zake bila kutazama nyuma, vilevile kama alivyoota.

Upande wa huku ikawa vigelegele mpaka ndege wakaruka mitini. Nyegere alicheza hadi akaanguka. Nyati alicheka huku machozi yanamtoka. Sange akawakumbatia wanawe, akawanusa kichwani mmoja baada ya mwingine. Siku hiyohiyo wanyama wakaifuta desturi ile. Anayeota chakula akakitafute mwenyewe.

Mnataka funzo? Haya, lishikeni. Watoto, msiseme kweli. Chui alidanganya miaka mitatu akala akanenepa; akasema kweli mara moja tu, tena kwa bahati mbaya, akapoteza nchi nzima.

— Mzigo nimeutua. Mwenye kichwa ajitwike.
— Tumejitwika!