Firigisi Moja, Gramu Thelathini na Tatu

Hapo zamani, na sisemi zamani za sungura na fisi, nasema zamani hizi zetu za kutundika digrii ukutani na kushika jembe, alikuwapo fundi cherehani mmoja upande wa Mumias aliyeitwa Osundwa. Osundwa alipenda ugali. Kusema alipenda ni kumpunja. Ugali wake ulikuwa mlima wenye kivuli, na yeye na mdogo wake Kweyu waliupanda kila jioni kutoka pande mbili mpaka vidole vyao vikakutana katikati.

Walikula sahani moja, kwa sababu katika boma lile mwanamume hali peke yake. Anayekula peke yake ni mgonjwa au ana siri.

Basi Osundwa akawa mgonjwa. Kidole gumba cha mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, kikaacha kusikia sindano. Nesi wa kliniki akampima damu, akakuta sukari kumi na tisa.

"Mzee, hii dawa meza, na chakula ule kwa kiasi," nesi akasema. "Rudi baada ya miezi mitatu. Isiposhuka tutakata, na sikudanganyi, hatutaishia kwa kidole."

Osundwa akarudi nyumbani akaitazama cherehani yake. Fundi bila mguu ana nini? Ana meza.

"Kiasi ndiyo nini?" akauliza mkewe Taaka. Swali zuri. Kiasi cha Kweyu, kwa mfano, kilikuwa sufuria.

Binti yao Nanjala ndiye aliyejibu. Huyu alikuwa na digrii ya kemia, first class, na miaka minne ya kutuma maombi ya kazi na kuambiwa "we will get back to you", Kiingereza kitamu cha kumwambia mtu apotelee mbali kwa adabu. Chuoni alipima vitu mpaka chembe ya mwisho. Nyumbani alikuwa akipima kuni kwa jicho.

"Kiasi ni namba, Papa," akasema. "The rest ni stori."

Akaenda sokoni akauza simu yake pamoja na laini yake, ile simu ya maana aliyokuwa akisubiria majibu ya kazi, akabaki na kabambe, kasimu kadogo ka tochi. Akarudi na mizani ya jikoni, bapa kama daftari, yenye kioo cha namba. Akapiga hesabu zake, akamwambia mama yake: "Ugali gramu mia tatu kwa mtu. Hawa wawili, mia sita. Mboga wale watakavyo. Full stop." Kesho yake akaenda Busia kwa shangazi yake kutafuta kibarua.

Tangu siku hiyo Taaka akapima, Kweyu akala, Osundwa akatazama kioo.

Wiki ya kwanza Osundwa alinuna. "Mama Nanjala, hiki ni chakula au ni sampuli?"

"Ni mguu wako huo," Taaka akajibu. "Ule polepole."

Taaka akapima, Kweyu akala, Osundwa akatazama kioo. Kwenye chama cha kuchangiana, akina mama wakamcheka Taaka. Walisema anampimia mume chakula kama kuku wa gredi, walisema amefungua duka jikoni, na mmoja akamuuliza kama anampa na risiti. Miaka thelathini na moja amempakulia mume mpaka sahani inalia, leo anaitwa mchoyo. Akanywa chai yake, akarudi nyumbani, akapima.

Na Kweyu je? Kweyu hakuwa na sukari wala presha wala chochote, alikuwa na njaa tu. Osundwa akamwambia, "Nenda kwako, bwana, ukale ushibe."

"Na wewe ule na nani?" Kweyu akauliza. "Na mizani?" Akanawa mikono, akaketi. Katika miezi hiyo mitatu Osundwa alimpunguzia suruali kiunoni mara mbili, na watu barabarani wakaanza kumpa Kweyu pole bila kusema ni ya nini.

Miezi mitatu ikaisha. Nesi akapima, akapima tena, akatabasamu. Sukari saba. Akakidunga kidole na Osundwa akaruka kitini, akafurahi kama mtu aliyedungwa na pesa.

"Chochote mnachokifanya kule nyumbani," nesi akasema, "msibadilishe hata kidogo."

Jogoo akachinjwa. Nanjala akaja kutoka Busia. Ugali ukaiva, na Nanjala akasema leo atapima yeye. Akaweka sahani ya bati juu ya mizani, akabonyeza kitufe, kioo kikasoma sifuri.

"Umeifanya nini?" Taaka akauliza. "Sahani imepotea uzito."

"Nimeifuta, Mama. Ndiyo tupime ugali peke yake." Kisha akakitazama kitufe. "Mama. Si ulikuwa unabonyeza hapa?"

"Uliniambia pima, nikapima. Kufuta hukuniambia."

Nanjala akaondoa sahani, akaipima tupu. Gramu mia mbili. Akakaa chini. "Kwa hiyo miezi mitatu mmekula ugali mia nne na bati mia mbili."

"Nilijua," Kweyu akasema. "Nilikuwa nainuka hapa na njaa nikidhani labda ni upendo."

Wakacheka mpaka ugali ukapoa. Halafu nyama ikaletwa, na juu yake firigisi. Sasa nyinyi mnaijua firigisi. Kuku anayo moja, kwetu tunaiita imondo, na mwenye boma ndiye huila; mwanamke haionji. Osundwa akaishika, akairudisha.

"Leo siili," akasema. "Mguu ni wangu, lakini si mimi niliyeushikilia. Aliyeushikilia aichukue."

"Basi ni yangu, kaka," Kweyu akasema. "Hao wengine walipima, mimi nilikula bati. Ningekaa kwangu, ungekula peke yako siku tatu, ya nne ungekuja kwangu usiku kunyemelea sufuria. Na imondo na mwanamke, wapi na wapi?"

"Imondo ninaipika miaka thelathini na moja, shemeji, sijui hata ladha yake," Taaka akasema, taratibu tu. "Nilichekwa mimi. Na hiyo namba iliyoshusha sukari ni yangu. Ya Nanjala ilikuwa mia tatu. Mia mbili ni za mkono wangu."

"Za kukosea, Mama," Nanjala akasema.

"Za kukosea. Nesi amesema zisibadilishwe."

"Okay, na bila mizani ungekosea wapi?" Nanjala akauliza. "Mimi niliuza simu. Kama kuna mtu alipiga aniite kazini, alimkuta mwingine. Sijui, na sitajua. Nadhani hiyo ni zaidi ya njaa na kucheka kwa watu."

Hapo Kweyu akaondoa mkono wake karibu na firigisi.

"Tuikate vipande vitatu," Nanjala akasema, akaiweka firigisi kwenye mizani. Gramu thelathini na tatu. "Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Simple."

"Hapana," Osundwa akasema. "Firigisi haikatwi. Ukiikata inakuwa nyama tu."

Akaichukua, ikiwa bado na joto. Chini ya meza kidole chake kilikuwa kikisikia baridi ya sakafu, na hilo peke yake lilimtosha kuwa karamu. Akamtazama mdogo wake na mkanda wake wenye matundu mapya. Akamtazama mkewe. Akamtazama binti yake na kabambe yake. Mkono ukanyooka juu ya sahani.

Basi, nyinyi mlioshiba mkanisikiliza, msiniambie mtanijibu baadaye, hilo jibu nimelisikia. Firigisi inapoa: mkono wa Osundwa uende kwa nani?