Risasi Moja ya Bi Shemsa

Shangazi yangu amenitumia kisa hiki leo asubuhi, nikaona si haki kukisoma peke yangu.

Mji wa Kwamtili uliingiwa na homa kali. Kila siku watoto walizikwa. Dawa ilikuwa kwa mfalme, mwendo wa siku mbili, lakini njia ilipita katika Msitu wa Ndoro, na humo walijificha majambazi kumi na wawili.

Mfalme alimkabidhi Jemadari Mgaza kasha la dawa. Jemadari akaondoka na askari wanne, kila mmoja na bastola mpya kiunoni, ya risasi sita. Walipoingia msituni, nyani wakatikisa matawi. Askari wakafyatua. Kichaka kikatikisika, wakafyatua tena. Majambazi walingoja hadi risasi zikaisha, ndipo wakajitokeza na kuwapora kila kitu, hata viatu.

Jemadari akarudi peku. Ukumbini kwa mfalme lilibaki kasha moja tu la dawa.

"Nipeni mimi," ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Bi Shemsa, mkunga wa Kwamtili, mjane wa miaka sitini na ushei, aliyekuja kwa miguu kuomba dawa. Kiunoni alichomeka bastola ya gumegume aliyoachiwa na baba yake, ile ya kizamani ya kushindilia baruti, yenye risasi moja basi. Miaka thelathini alitembea nayo kila alipoitwa kuzalisha katika vijiji vya mbali.

Ukumbi mzima ulicheka.

"Bibi," alisema Jemadari, "ukishafyatua hiyo, majambazi watapika, watakula na kunawa mikono kabla hujaishindilia tena."

"Kweli, mwanangu. Ndiyo maana siifyatui ovyo."

Mfalme akamtazama. "Huogopi?"

"Naogopa sana, mtukufu. Lakini nani mwingine atakwenda?"

Akapewa kasha.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, majambazi walimzingira. Mkuu wao, Ngwale, alikuwa na panga mkononi.

"Weka kasha chini, bibi. Sisi ni kumi na wawili. Wewe una risasi moja."

Bi Shemsa aliliweka chini. Akaegemeza mgongo kwenye mwamba, akaishika bastola kwa mikono miwili. Mikono ilitulia.

"Umehesabu vizuri," alisema. "Risasi ni moja. Basi leo atakufa mmoja wenu, na kumi na mmoja watagawana kasha. Nambieni tu, ni nani?"

Majambazi wakatazamana.

"Mvamieni!" akafoka Ngwale.

Hakuna aliyenyanyua mguu.

"Tangulia wewe, mkubwa," alisema jambazi mmoja, jina lake Chambo.

"Umesemaje?"

"Kwenye kugawana hutangulia wewe. Kwa nini kwenye risasi tutangulie sisi?"

Bi Shemsa aliigeuza bastola taratibu hadi ikamtazama Ngwale kifuani. Ngwale akarudi hatua moja. Akarudi ya pili. Kisha akageuka akatimua mbio, na kundi lake likatawanyika kila mtu njia yake.

Chambo peke yake alibaki. "Ndani ya kasha mna nini, bibi?"

"Dawa ya homa. Kwamtili watoto wanakwisha."

Panga lake likamponyoka. "Kwamtili? Dada yangu ameolewa huko. Ana wanawe wanne."

Alikimbilia pangoni akarudi na lile kasha waliloliteka kwa Jemadari. Hawakuwa wamelifungua, walikuwa bado wanaligombania. Akalitwika kichwani. Lile la Bi Shemsa akalikumbatia kifuani.

"Ongoza njia, mama."

Watu wa Kwamtili walimwona mkunga wao akiingia mjini jua kali, kichwa juu, na nyuma yake jambazi amebeba makasha mawili. Ngoma zikapigwa. Vigelegele vikavuka mto. Katika wiki mbili homa ikakoma, na wapwa wanne wa Chambo wakawa wanacheza uani.

Risasi ile haikufyatuliwa.

Funzo: Usidharau kidogo ulichonacho, na usitishwe na wingi wa wabaya. Kundi lililokusanywa na tamaa huvunjika pale linapoulizwa nani atatangulia kuumia. Lakini mtu mmoja aliyebeba uhai wa wenzake hasimami peke yake.