Mbaazi za Mwenye Presha

Wapendwa, hebu simu ziingie mikobani kidogo, maana habari ya leo ni ya humo humo ndani ya simu. Palikuwa na binti mmoja katika mji wa pwani, kazi yake kuonja. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtaanza kumtafuta hapa hapa, na neno lenyewe litatupita.

Binti huyu alikuwa akizunguka kwa wapishi wa mitaani, anasimamisha simu yake kwenye kile kijiti cha miguu mitatu, halafu anafanya jambo lililompa jina. Hagusi sahani kwanza. Anaomba atiliwe tone la mchuzi kwenye kiganja, kama tunavyoonja sisi jikoni, analamba, anafumba macho, ndipo anasema. Wali ukiwa umeungua, anasema umeungua. Pweza akiwa mgumu, anasema mgumu. Na pakiwa pazuri, kesho yake watu wamepanga foleni mpaka barabarani.

Mwaka wa kwanza watu walimpenda, wakasema huyu hana unafiki. Mwaka wa pili wakamwogopa. Wapishi wakikiona kile kijiti tu, mbio kufuta meza na kubadilisha kanga. Mwaka wa tatu akawa ndiye kipimo cha mji. Ungemkuta mtu tonge liko mdomoni, na bado anatazama simu ajue kama ni tamu. Mnacheka. Nani humu hajafanya?

Sasa nikupeni lile ambalo mji haukulijua. Katika mwaka huo wa tatu binti alishikwa na homa ya mafua, ikamlaza siku tisa. Homa ikaondoka, ikaondoka na ladha. Asubuhi aliyoamka alidhani chai imezidi maji. Akalamba ndimu, kimya. Akatafuna pilipili, ikamuuma vizuri sana, lakini haikumwambia kitu kingine. Hospitali wakamwambia asubiri, huenda ikarudi. Akasubiri wiki, akasubiri mwezi.

Angeweza kuwaambia watu. Lakini kila akishika simu aseme, anajiuliza: mwonjaji asiyeonja ni nani? Watanikumbuka wiki moja, halafu watahamia kwa mwingine. Basi akajifunza ujanja. Analamba kiganja, anafumba macho, ila jicho moja halifumbi sawasawa. Linachungulia nyuso za wanaokula. Wakila kwa haraka, anasema tamu. Wakiisukuma sahani, anasema hapana. Miezi saba hiyo, na sifa zikazidi kupanda.

Siku moja akafika mapema mno kwa mama mmoja muuza mbaazi za nazi na mahamri. Benchi tupu, hakuna hata uso mmoja wa kuchungulia. Huyu mama alikuwa na sufuria mbili: kubwa ya wateja, na ndogo ya mumewe, ambaye ana presha na daktari amemkataza chumvi. Kukiona kile kijiti, mama akababaika, na upawa ukaingia sufuria ndogo. Binti akalamba. Hakusikia kitu, kama kawaida yake. Akafumba macho yote mawili safari hii, akasema, "Mbaazi hizi, jamani, chumvi imekaa mahali pake."

Alipoondoka, mama akaulamba ule upawa. Akashika kichwa.

Mnadhani iliishia hapo? Kesho yake foleni. Mama anachota sufuria kubwa, watu wanakataa, wameona kwenye video kwamba mbaazi zilitoka sufuria ndogo. Wanataka zile za yule binti. Akawapa. Wa kwanza akatia mdomoni, akasita, akamtazama jirani yake. Jirani anatikisa kichwa kukubali. Na yeye akatikisa. "Kweli," akasema, "chumvi imekaa mahali pake." Ikafika wiki ya tatu, mama anapika sufuria zote mbili bila chumvi. Na kibakuli cha chumvi kilikuwa palepale mezani, wapendwa. Hakuna mkono uliokigusa.

Binti akarudi kuwarekodi wateja, safari hii anarusha mubashara. Akazichungulia nyuso, zote zinakubali, roho ikamtulia. Mara akatoka mume wa yule mama, bakuli mkononi, akasimama mlangoni akiwashangaa.

"Mama watoto," akasema, "mbona watu wote hawa wanakula mbaazi zangu? Kwani mji mzima umeshikwa na presha?"

Mama, masikini, akayamwaga yote, tangu upawa ulipokosea sufuria. Vichwa vikamgeukia binti. Angeweza kusema alikuwa anatania, na wangemwamini, maana walikuwa wanatafuta pa kujificha na wao. Akaitazama simu, bado inarusha.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sisikii ladha, huu ni mwezi wa tisa tangu niugue. Nilikuwa nazisoma nyuso zenu."

Adhuhuri haijafika, mji mzima unamtukana. Tapeli. Mwongo. Wanaandika kwa vidole ambavyo bado vina mafuta ya mahamri. Miezi yote aliyodanganya walimsifu. Siku aliyosema kweli ndiyo siku waliyomwita mwongo. Yule mama peke yake ndiye aliyemvutia kigoda, akamwambia, "Kaa, mwanangu, ule. Mimi nina ulimi mzima, na nimenyamaza wiki tatu."

Naona mnangoja niseme binti alikosa. Alikosa, na keshasema mwenyewe mbele ya watu wote. Mimi shida yangu ni na lile benchi. Yeye ulimi wake uliugua homa. Wa wale uliugua nini? Na wetu je? Tunampenda mtu kwa kuwa amesifiwa, tunamchukia kwa kuwa amechukiwa, na hatujawahi kukaa naye hata kwa kikombe kimoja cha chai. Tunasema mkwe wa fulani ni mvivu: nani kati yetu amefagia naye uwanja? Na nisijitoe, mnanijua, habari ya mtu haipiti mlangoni kwangu bila kukaribishwa ndani ikae. Ngapi nimezimeza bila kuonja, nikawapakulia na nyinyi?

Mungu aliutia ladha ulimi wa kila mmoja. Hakuutia wa mmoja tu, wengine wote tutikise vichwa.

Haya. Tukimaliza kuomba, nyuma kuna chai na mihogo ya nazi. Nimeipika mimi. Kibakuli cha chumvi kiko mezani, nami nitakaa palepale, nawatazama nyuso.